Kiharusi hujiandaa kimya kimya miaka mingi kabla ya kugonga

Bila shaka, msomaji, umewahi kusikia kisa kama hiki. Mtu ameamka buheri wa afya, ameoga, amevaa nguo za kazini na kuketi ili anywe chai. Ghafla kikombe kinamponyoka. Anajaribu kukiokota lakini mkono haumtii. Anataka kumwita mkewe, lakini maneno yanayotoka hayaeleweki na mdomo umevutika upande mmoja. Kabla ya jua kutua, habari zimeenea mtaa mzima kwamba fulani amepooza. Majirani wanashangaa. “Jana tu tulikuwa naye kituoni akingoja matatu. Hakuwa na ugonjwa wowote!”

Aghalabu majirani hao huwa wamekosea. Mtu huyo alikuwa mgonjwa, pengine kwa miaka kumi au zaidi. Labda hakujua, au alijua akapuuza. Ugonjwa wenyewe ni shinikizo la damu, ambalo wengi wetu tumezoea kuliita presha, na ndilo chanzo kikuu cha kiharusi kote duniani.

Ikiwa hukumbuki mara ya mwisho ulipopimwa presha, au ikiwa ulipewa dawa ukaziacha baada ya kuona umepata nafuu, basi makala haya yanakuhusu. Tafadhali yasome hadi mwisho.

Nambari mbili za kukumbuka

Moyo ni kama pampu. Kila unapopiga husukuma damu kwenye mishipa, nayo damu husukuma kuta za mishipa hiyo kama vile maji yanavyosukuma mpira wa kunyunyizia bustani. Msukumo huo ndio unaoitwa shinikizo la damu. Kila mtu analo, na bila hilo hangeishi. Tatizo huanza msukumo unapozidi kiasi na kubaki hivyo usiku na mchana.

Ukipimwa utaambiwa nambari mbili, kwa mfano 120 kwa 80. Ya kwanza ni msukumo wa damu wakati moyo unapojikaza, na ya pili ni msukumo unaobaki wakati moyo unapopumzika kabla ya pigo linalofuata. Mtu mzima huhesabiwa kuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu ikiwa, baada ya kupimwa siku tofauti tofauti, nambari ya kwanza ni 140 au zaidi, ama ya pili ni 90 au zaidi. Si lazima zote mbili zipande. Moja yatosha.

Je, mtu atajuaje kwamba presha yake imepanda? Jibu ni kwamba hatajua asipopimwa. Wengi hudhani kwamba mwenye presha lazima aumwe na kichwa, asikie kizunguzungu au moyo umwende mbio. La hasha. Watu wengi wenye presha ya juu hawasikii lolote. Wanafanya kazi, wanacheka na kulala usingizi mnono, ilhali mishipa yao inaendelea kuharibika.

Jinsi presha inavyofika kwenye ubongo

Ubongo hutegemea damu kila dakika ili kupata hewa safi na sukari. Sehemu ya ubongo ikikosa damu, chembechembe zake huanza kufa. Hicho ndicho kiharusi, na hutokea kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni mshipa kuziba. Presha inapogonga kuta za mishipa mwaka baada ya mwaka, kuta hizo hukakamaa na kuwa nene, na mafuta hujishikiza humo. Siku moja damu huganda hapo, au kipande cha damu iliyoganda husafiri kutoka moyoni na kukwama kwenye mshipa mwembamba wa ubongo. Viharusi vingi duniani ni vya aina hii.

Njia ya pili ni mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo. Hiki ndicho kiharusi kinachoua upesi zaidi, na barani Afrika hutokea kwa wingi kuliko Ulaya. Sababu moja ni kwamba wagonjwa wetu wengi huishi na presha ya juu kwa muda mrefu bila matibabu.

Mwaka 2002 wataalamu walichapisha matokeo ya uchunguzi uliojumlisha watu wazima wapatao milioni moja katika nchi mbalimbali. Waligundua kwamba kwa watu wa umri wa miaka 40 hadi 69, kila nambari ya kwanza ilipopanda kwa 20, uwezekano wa kufa kwa kiharusi uliongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa hivyo, mwenye 160 hayuko katika hatari sawa na mwenye 140, na mwenye 180 yuko pabaya zaidi.

Maisha ya mjini yana gharama yake

Wapo wanaosema presha ni ugonjwa wa ukoo na kwamba hakuna la kufanya. Ni kweli ukoo huchangia. Lakini historia ya nchi yetu ina ushahidi kwamba jinsi tunavyoishi huchangia pakubwa.

Mwaka 1929 daktari mmoja aliyeitwa C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika eneo lililojulikana kama Kavirondo Kusini, katika Nyanza ya leo, aliandika katika jarida la Lancet kwamba miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake katika muda wa miaka miwili, hakuona hata mmoja mwenye presha ya juu.

Miongo kadhaa baadaye, watafiti walikwenda katika sehemu za mashambani karibu na Ziwa Victoria, ambako presha ya juu ilikuwa bado nadra. Waliwafuata vijana waliohama kutoka huko kuja Nairobi kutafuta maisha, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Muda mfupi tu baada ya kufika Nairobi, presha ya wahamiaji ilikuwa juu kuliko ya wale waliobaki mashambani. Walikuwa wameongeza uzani, wanakula chumvi nyingi zaidi, na wanapata kidogo madini ya potasiamu yanayopatikana katika matunda na mboga. Watu hawa walikuwa wa jamii moja. Kilichobadilika ni mahali na mtindo wa kuishi.

Jirani zetu Watanzania nao walijionea hayo. Kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti walihesabu visa vya kiharusi katika wilaya ya Hai, mashambani mwa Kilimanjaro, na katika mitaa ya Dar es Salaam. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, visa vipya vilikuwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na takriban 316 Dar es Salaam. Hiyo ni karibu mara tatu.

Hesabu ya kutisha

Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi wa kitaifa kuhusu maradhi yasiyoambukiza kwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 69. Ilibainika kwamba takriban mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa hata siku moja maishani mwao.

Chukua watu 100 waliopatikana na presha katika uchunguzi huo. Kati yao, takriban 16 tu ndio waliojua kwamba ni wagonjwa. Kati ya hao 16, wapatao wanne ndio waliokuwa wakitumia dawa. Na kati ya hao wanne, wawili tu ndio waliokuwa na presha iliyodhibitiwa ipasavyo. Wengine 98 waliendelea na shughuli zao huku hatari ikiwanyemelea.

Hali hii si ya Kenya pekee. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kwamba wanayo, na kwamba ni mmoja tu katika kila watano aliyeidhibiti.

Ni nani aliye hatarini zaidi?

Si kila mwenye presha atapatwa na kiharusi. Kuna mambo ambayo yakiungana na presha huongeza hatari. Mengine huwezi kuyabadilisha, kama vile umri na kuwa na mzazi au ndugu aliyewahi kupooza. Lakini mengi yamo mikononi mwako.

Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 32 na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mambo kumi yanayoweza kuzuiwa huhusika na takriban asilimia 90 ya viharusi. Presha peke yake ilihusika na karibu nusu. Mengine ni kutofanya mazoezi, lishe mbaya, mafuta mabaya katika damu, unene wa tumbo, kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, maradhi ya moyo na msongo wa mawazo.

Huku kwetu Afrika presha ina uzito zaidi. Utafiti wa Nigeria na Ghana uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 2,000 wa kiharusi, ulionyesha kwamba presha ilihusika na takriban visa tisa kati ya kila kumi. Pia iligunduliwa kwamba watu waliokula mboga za majani mara kwa mara hawakupatwa na kiharusi kwa wingi kama wasiozila.

Ikiwa una presha na lolote kati ya haya linakuhusu, usichelewe kumwona daktari:

Una kisukari au maradhi ya figo.

Unavuta sigara, hata kama ni mbili tatu tu kwa siku.

Moyo wako hupiga bila mpangilio, mara haraka mara polepole. Hali hii huifanya damu igande moyoni na kusafiri hadi kwenye ubongo.

Uliwahi kupata kiharusi, au mkono ulikufa ganzi kwa dakika chache kisha ukapona wenyewe.

Wewe ni mama uliyepata presha au kifafa cha mimba ulipokuwa mjamzito. Hata kama ilishuka baada ya kujifungua, unahitaji kupimwa kila mwaka.

Unatumia mara kwa mara dawa za maumivu kama ibuprofen au diclofenac unazojinunulia mwenyewe. Dawa hizi zaweza kupandisha presha. Miraa nayo huenda ikauharakisha moyo na kupandisha presha, kwa hivyo usimfiche daktari ikiwa unaitafuna.

Kupimwa ni kazi ya dakika chache

Kupima presha hakuumizi wala hakuhitaji sindano. Unaweza kupimwa katika zahanati, kituo cha afya na maduka mengi ya dawa. Aidha, mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wa kuwatembelea watu nyumbani, na mikoba waliyopewa ina mashine ya kupimia presha. Uliza mhudumu wa mtaa wenu ni nani.

Ili upate nambari za kweli, usinywe kahawa wala kuvuta sigara kwa muda wa nusu saa kabla ya kupimwa. Nenda haja ndogo kwanza. Keti kimya kwa dakika tano, ukiegemeza mgongo, miguu yote miwili ikiwa sakafuni bila kukunja nne. Mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye mkono mtupu, si juu ya sweta. Usizungumze unapopimwa. Kisha pimwa mara ya pili baada ya dakika moja au mbili.

Ukipata nambari ya juu siku moja, usife moyo. Pengine ulikuwa umetoka kupanda ngazi au kugombana na utingo. Rudi siku nyingine upimwe tena. Lakini ikiwa ni 180 kwa 120 au zaidi, nawe unaumwa na kifua au kichwa sana, unakosa pumzi au macho hayaoni vizuri, nenda hospitalini saa hiyo hiyo.

Dawa si za kunywa kwa zamu

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu hupewa dawa, hunywa mwezi mmoja, hupimwa na kuambiwa presha imeshuka hadi 128 kwa 80. Hufurahi na kuziacha, akidhani amepona. Baada ya wiki chache presha hupanda tena, naye hajui kwa sababu haumwi.

Elewa, msomaji, kwamba presha imeshuka kwa sababu unakunywa dawa. Ni kama mwavuli wakati wa mvua. Kwamba hujalowa si ishara kwamba mvua imekatika. Kwa walio wengi, dawa hizi ni za maisha.

Wengine huziacha kwa sababu ya gharama, au kwa sababu zimewaletea kikohozi, uvimbe wa miguu au kupungukiwa na nguvu za kiume. Wanaona haya kusema, wanaziweka kabatini na kunyamaza. Usifanye hivyo. Kuna dawa za aina nyingi, nyingine za bei nafuu, na daktari anaweza kukubadilishia. Mwambie ukweli wote. Vilevile usinywe dawa za jirani kwa sababu tu zilimfaa yeye.

Na faida yake je? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kuishusha nambari ya kwanza kwa 10 tu hupunguza uwezekano wa kiharusi kwa zaidi ya robo.

Hesabu chumvi ya nyumbani kwako

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Hebu tufanye hesabu. Katika nyumba yenye watu wazima watano, hizo ni gramu 25 kwa siku. Kwa hivyo, pakiti ya nusu kilo yapaswa kudumu siku 20 au zaidi. Je, kwenu hudumu siku ngapi? Andika tarehe kwenye pakiti siku utakapoifungua, nawe utajua.

Kumbuka pia chumvi iliyojificha katika mkate, soseji, vibanzi, supu na vikolezo vya paketi. Hiyo nayo imo katika zile gramu tano. Na rundo lile la chumvi linaloletwa kando ya nyama choma si la lazima. Ndimu, kachumbari na pilipili huleta ladha bila kudhuru mishipa.

Ongeza sukuma wiki, mchicha, kunde, maharagwe, ndizi na machungwa. Lakini mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kwanza. Tembea kwa haraka angalau dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki. Hakuna haja ya kulipia ukumbi wa mazoezi. Shuka matatu vituo viwili kabla ya kwenu, ukamalizie kwa miguu.

Kiharusi kikigonga, kila dakika ni mali

Kila mtu nyumbani, wakiwemo watoto na kijakazi, anapaswa kuzijua dalili hizi. Mwambie mtu atabasamu: je, uso umelegea upande mmoja? Mwambie ainue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Mwambie aseme sentensi fupi: je, maneno yanakwaruzana au hayatoki? Dalili nyingine ni kupoteza uwezo wa kuona ghafla, kupepesuka, au kuumwa na kichwa kwa ghafla kuliko wakati mwingine wowote.

Ukiona hata moja, angalia saa na ukariri wakati dalili zilipoanza, kisha mkimbize hospitalini. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ni baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna damu iliyomwagika. Si kila hospitali ina mashine ya picha hiyo, hivyo ulizia mapema ni hospitali gani iliyo karibu nawe inayo.

Usimpe mgonjwa chakula wala maji, kwani huenda yakamwingia kwenye mapafu. Usimpe aspirini, kwa sababu ikiwa mshipa umepasuka itazidisha kuvuja kwa damu. Usimpe dawa ya presha uishushe mwenyewe. Akiwa amezimia, mlaze ubavu.

Katika miji ya pwani, Dar es Salaam ikiwemo, na hata kwingineko, wapo wanaoamini kwamba mtu hupooza kwa kupigwa na jini au upepo mbaya, na humpeleka mgonjwa kwingine kwanza. Dua hazikatazwi, na mgonjwa anaweza kuombewa njiani. Lakini dakika zinazopotea ni ubongo unaopotea. Na dalili zikitoweka zenyewe, bado mpeleke. Hilo ni onyo kwamba kiharusi kikubwa huenda kikafuata baada ya siku chache.

Kiharusi humlaza mtu mmoja, lakini huangusha nyumba nzima. Aliyekuwa akilipa kodi na karo huwa wa kulishwa na kugeuzwa kitandani, na mke au binti hulazimika kuacha kazi ili amtunze. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe huonekana kwa mashine ndogo ya kupimia presha. Wiki hii, kabla ya Jumapili, nenda ukapimwe, wewe na mwenzako. Andika zile nambari mbili kwenye karatasi, uzihifadhi pamoja na kitambulisho chako, na uzijue kama unavyoijua nambari yako ya simu.